Mashine Iliyoolewa na Ambakisye Wawili

Sogeeni, mliokaa mbali na mliokaa karibu. Nitasema polepole, kwa sababu jambo hili nikilisema haraka linanitoka vibaya. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Lakini yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu, na nisichokielewa niliuliza mpaka nikaelezwa. Nawaletea fumbo. Jibu lake sinalo. Ningekuwa nalo, nisingekuja kwenu.

Palikuwa na watu watatu katika hospitali moja ya huku kwetu milimani, ambako mvua hunyesha mpaka nguo zinakaukia jikoni kwa moshi.

Wa kwanza aliitwa Ambakisye. Kipaji chake kilikuwa kushika. Alikuwa karani wa mafaili, na kitu kikishaingia mkononi mwake hakitoki. Wakubwa waliposema mafaili ya zamani yachomwe kwa kuwa chumba kimejaa, aliyapiga picha kwanza, karatasi moja moja, kwa miezi kumi na minne. Akaziweka picha hizo kwenye kanda za kompyuta kumi na mbili, na juu ya kila kanda akaandika kwa wino mzito: MSITUPE. Wenzake walimcheka. "Ambakisye, nusu ya hawa wameshakufa. Unawatunzia mafaili ya nini?" Akawajibu, "Na wewe utakufa, na faili lako nitalitunza." Akatangulia kufa yeye, kwa ugonjwa wa figo, mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia. Hakuacha mtoto.

Wa pili aliitwa Tumwitike. Kipaji chake kilikuwa kuachia. Alikuwa muuguzi katika wodi ya kifua kikuu, ambako mtu hujifunza kuachia au anaacha kazi. Aliachia zamu zake za sikukuu kwa wenye watoto wadogo. Aliachia koti lake la mvua kwa mgonjwa aliyekuwa anarudi bondeni, akatembea mwenyewe chini ya mvua akiimba. Kitu kimoja tu hakukiachia: wagonjwa wake. Walikuwa mia tatu na kumi na wanane, wametawanyika vijijini, na kompyuta ya wodi yake ndiyo iliyomwambia nani anatakiwa kuja kuchukua dawa, na nani dawa yake ibadilishwe.

Wa tatu aliitwa Hizza. Kipaji chake kilikuwa kuvunja. Alikuwa fundi wa kompyuta, Msambaa wa Lushoto, Mwislamu asiyeacha sala zake kati yetu sisi watu wa kanisani. Kufuli likikataa, mlango ukibana, pete ikikwama kwenye kidole kilichovimba, aliitwa yeye. Hakuvunja kwa hasira. Alikitazama kitu kwanza, akasema "Bismillahi," kisha akakivunja mahali pamoja tu, na pengine pote pakabaki pazima.

Na mimi ni Mama Lugano. Mimi sina kipaji. Mimi nina jina moja la kutoa, na hilo jina ndilo fumbo lenyewe.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mashine. Msichoke, bila hiyo hamtaweza kuamua.

Katika chumba cha kompyuta cha hospitali ile palikuwa na mashine moja ya kanda. Kompyuta yoyote iliyotaka kuweka nakala ya kazi zake, ili siku ikiharibika kazi zisipotee, iliandika kwenye kanda kwa kutumia mashine hiyo. Kompyuta ni nyingi, mashine ni moja. Kwa hiyo kompyuta inayotaka kuandika huishika kwanza mashine, na ikishaishika, nyingine zikija hujibiwa: imeshikwa. Ndivyo inavyotakiwa. Mbili zikiandika kwa pamoja kwenye kanda moja, zinaharibiana, na hapatasomeka kitu. Ikimaliza, huiachia, na nyingine huingia.

Lakini kompyuta ikifa huku imeishika, mashine haijui. Inabaki kumngoja aliyekufa, na inawakatalia walio hai.

Hizza alikuwa na maneno yake kwa mambo hayo. Mashine ikishikwa alisema, "Imeolewa." Ikiachiwa alisema, "Imepewa talaka." Na ikibaki inamngoja aliyekufa alisema, "Imekaa eda." Sista Tumwitike alikuwa akimtania, "Wewe Hizza, mashine unaijua ndoa yake, na wewe mwenyewe huoi." Naye hujibu, "Nioe huku kwenu? Mahari nitalipa kwa ng'ombe, na baridi hii nitailipa kwa nini?"

Mtasikia sasa kosa lilipoingia. Halikuingia kwa ubaya, liliingia kwa mapenzi.

Ambakisye alipokuwa hai, kompyuta yake ya zamani ilikuwa na jina lake, kwa kuwa ndiye aliyeitumia. Aliiamuru kila Alhamisi saa nane mchana iishike mashine na kunakili yale mafaili ya zamani kwenye kanda ya wiki. Alipofariki, amri ile ilibaki. Hizza alitaka kuifuta, maana picha zile zilikuwa tayari kwenye zile kanda kumi na mbili kabatini, lakini hakuna aliyekubali mkono wake ndio umtoe marehemu kwenye orodha. Wakasema, iacheni, ni kazi ya marehemu. Basi kila Alhamisi saa nane kompyuta ile ya zamani iliamka chini ya meza, ikaishika mashine kwa nusu saa hivi, ikanakili yaleyale, ikalala. Watu wa chumba kile walikuwa wakisikia inaanza kunguruma wanasema, "Ambakisye amefika kazini."

Kisha wodi ya kifua kikuu ikaletewa kompyuta mpya. Ilitakiwa ipewe jina. Kwetu mtu akifa, jina lake hutafutiwa pa kukaa, na mtoto atakayezaliwa hulibeba. Marehemu hakuwa na mtoto wala ndugu aliyezaa mwaka ule. Sista Tumwitike akasema, "Basi hii ndiyo ibebe jina lake." Wote wakafurahi. Mjane wake, Bi Subilaga, aliitwa aje aone jina la mumewe kwenye kioo, akalia, akashukuru. Hizza peke yake alisema, "Jamani, majina mawili yanayofanana kwenye nyumba moja yataleta fujo." Wakamwambia, "Wewe mgeni, hujui mila zetu." Akanyamaza, kwa sababu alikuwa mgeni kweli.

Hivyo mashine moja ikawa na Ambakisye wawili.

Sasa nirudi kwangu.

Binti yangu Lugano alipokuwa na miaka kumi na saba alipasuliwa tumbo katika hospitali ileile. Dawa ya usingizi waliyompa ilimgeuka. Mwili ulishika moto, ukakakamaa kama ubao, wakamwokoa kwa shida. Daktari aliniita, akaniambia, "Mama, kuna dawa moja mtoto huyu asipewe tena maishani. Nimeiandika kwenye kadi hii na kwenye faili lake. Kadi hii usiipoteze." Jina lenyewe lilikuwa refu, la kigeni, hata leo siwezi kulitamka. Niliiweka kadi katika kitabu changu cha nyimbo, maana ndicho kitu ambacho sijawahi kukisahau popote.

Ikakaa humo miaka saba. Siku moja kulikuwa na msiba kwa jirani, na mfiwa hakuwa na kitabu cha nyimbo. Nikampa changu. Hakikurudi. Niliona aibu kumdai kitabu mtu aliyefiwa, na kadi iliyokuwa ndani nikaisahau.

Mungu anajua nilikitoa kwa moyo mwema. Bado naamka nikilifikiria.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu radi ilipiga hospitali mchana, kwenye saa nane na nusu. Kompyuta kubwa iliyotunza kumbukumbu za wagonjwa wote iliungua, pamoja na nakala zote zilizokuwa ndani yake. Mashine ya kanda ilipona. Kompyuta ya wodi ya kifua kikuu ilipona nusu: ilikuwa ikiwaka, lakini diski yake ilikuwa imeanza kulia, tiki tiki tiki, na Hizza aliihamishia chumba cha kompyuta, akasema ikilia hivyo haina siku nyingi.

Ijumaa saa mbili asubuhi Sista Tumwitike aliiamuru, kwa mara ya kwanza, iandike yote iliyo nayo kwenye kanda kabla haijafa. Kazi ya saa nne. Saa tatu, kabla hajarudi kuitazama, umeme ukatikisika, na kioo cha kompyuta ile kikazima. Diski iliendelea kulia. Kwa hiyo hakuna aliyejua: je, inaandika, au iko nje ya mlango inangoja?

Saa nne na robo mimi nilifika pale na Lugano.

Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alianza kuumwa kichwa alfajiri, akasema haoni vizuri, kisha akaanguka, akatetemeka mwili mzima na kuuma ulimi. Tulimleta kwenye gari la kubebea majani ya chai. Hakuwa anajua yuko wapi. Mume wake yuko machimboni mbali, simu yake haikupatikana siku nne.

Daktari wa zamu alisema, "Lazima tumpasue, na lazima alale kabisa. Mama, kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Nikasema, "Ipo moja."

"Ipi?"

Nikafungua mdomo. Hapakutoka jina.

Alinitajia majina, moja baada ya jingine. Yote yalisikika kama lile, na yote hayakusikika kama lile. Mwishowe akasema, "Mama, ninazo njia mbili za kumlaza. Moja itamwua, na sijui ni ipi. Nitampunguza presha na kumtuliza degedege kwa muda, lakini siwezi kungoja zaidi ya dakika arobaini. Faili lake liko wapi?"

Faili la karatasi lilikuwa limechomwa zamani. Kwenye kompyuta kubwa lilikuwa limeungua jana yake. Sista Tumwitike, aliyekuja kusaidia kwa kuwa wodi ya wazazi ilielemewa, akasema, "Liko kwa Ambakisye. Kwenye zile kanda." Akanishika mkono. "Twende Mama, wewe unajua mwaka na kijiji. Utalitambua."

Tulikimbia. Mimi na miaka yangu hamsini na minane nilikimbia.

Hizza alikuwa sakafuni na nyaya. Alisikiliza maneno mawili tu, faili na mwaka, akafungua kabati, akatoa kanda iliyoandikwa mwaka ule na MSITUPE. Akaibusu, kweli aliibusu. Kisha akaiendea mashine, akaandika amri yake kwenye kompyuta ya mezani, na mashine ikajibu. Akanisomea, kwa sababu sikuwa na miwani: "Imeshikwa na Ambakisye."

Sista akauliza, "Ambakisye yupi?"

Hizza akaishusha kanda mezani. Akasema, "Hilo ndilo swali, dada yangu. Mke mmoja, waume wawili, na wote jina moja. Jana saa nane na nusu radi ilipopiga, Ambakisye wa zamani alikuwa kazini, au ndiyo kwanza anamaliza. Alikufa papo hapo, hebu mguse, wa baridi. Inawezekana alikufa ameishika mashine, na mashine imekaa eda mpaka sasa. Ikiwa hivyo, nikivunja, sivunji kitu. Marehemu hana anachoandika."

"Na ikiwa sivyo?"

"Ikiwa sivyo, alikuwa ameshamaliza akaiachia, na anayeishika sasa ni Ambakisye wako. Yuko hai na anaandika wagonjwa wako. Nikivunja, kanda yake haitasomeka. Na ile diski, sikiliza inavyolia. Haitarudia."

"Huwezi kuangalia ni yupi?"

"Naweza. Nifungue waya mmoja mmoja, nisome namba. Saa nzima."

"Kuisoma kanda ya huyu mgonjwa ni muda gani?"

"Dakika ishirini na tano. Na tumeshatumia kumi."

Ndugu zangu, mashine ile ilikuwa na taa moja ya kijani. Inawaka ikiwa inafanya kazi, na inawaka ikiwa inangoja. Tuliitazama sote watatu. Nami nikapiga magoti palepale kwenye nyaya, lakini sikujua niombe nini. Nikiomba binti yangu apone, nilikuwa naomba watu mia tatu na kumi na wanane wapotee. Nikasema tu, "Bwana, unaona."

Hizza akamgeukia Sista. "Wagonjwa ni wako. Mimi siwezi kuvunja ndoa ya mtu bila mwenyewe kusema. Sema."

Sista Tumwitike akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi nilivyokuwa chini. Akauliza, "Wangu nitaweza kuwatafuta kwa miguu?"

Hizza akasema, "Wengine."

Akasema, "Vunja."

Hizza akafumba macho. "Bismillahi." Akapiga vidole mara nne au tano, si zaidi. Mashine ikatoa sauti kama mtu aliyeshusha mzigo, ikaitema kanda ya wiki. Akaingiza ile ya MSITUPE.

Na hapohapo, kwenye pembe ya chumba, diski ya wodi ya kifua kikuu ikalia mara tatu, ikanyamaza.

Ilikuwa imekatwa katikati ya kuandika. Tulikuwa tumeshajua ni Ambakisye yupi aliyeishika mashine.

Faili la binti yangu lilitoka baada ya dakika ishirini na mbili. Mwandiko wa daktari wa zamani, muhuri, kijiji chetu, jina langu, na ile dawa imepigiwa mstari mara mbili. Pembeni Ambakisye mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu, kabla ya kupiga picha: "Hii ni muhimu." Sista alikimbia nayo. Alipofika chumba cha upasuaji, daktari alikuwa amechoka kungoja na amechagua. Dawa ilikuwa tayari ndani ya bomba la sindano. Ilikuwa ileile. Akaiweka chini, akachukua nyingine.

Mtoto alitoka hai. Wa kiume, mwenye sauti.

Lugano hakuamka. Daktari alinieleza kwamba dawa haikumdhuru. Damu ilikuwa imemwagika kichwani tangu ile asubuhi nyumbani. Alikaa siku tatu. Nilimwekea mtoto kifuani, na mkono wake ulijikunja kidogo. Wauguzi walisema ni mishipa tu. Mimi nimeamua kuamini vingine, na Mungu atanisahihisha tukionana. Siku ya tatu, saa tano ya asubuhi, alituacha.

Sikilizeni na upande wa pili, maana mwamuzi asiyesikia pande zote ni mwizi.

Sista Tumwitike alitafuta wagonjwa wake kwa miguu na kwa pikipiki ya kanisa, miezi miwili. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akiuliza, "Hapa kuna anayetumia dawa zangu?" Aliwapata mia tatu na kumi na saba. Aliyebaki, wa mia tatu na kumi na wanane, alikuwa Bwana Kalinga, fundi cherehani wa sokoni. Yeye hakuwa amepotea. Kila mtu alijua kibanda chake. Alikuwa akija kuchukua dawa bila kukosa. Lakini majibu ya makohozi yake yalikuwa yameingia kwenye kompyuta Jumatano, siku moja kabla ya radi, na bado hayajasomwa: dawa ile haimfai, abadilishiwe. Majibu yalipotea pamoja na diski. Aliendelea kumeza dawa isiyomfaa, kwa uaminifu, kila asubuhi. Alipopimwa upya tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Ndiye aliyemshonea Lugano sare yake ya kwanza ya shule. Tulimzika wiki saba baada ya Lugano, makaburi yaleyale.

Ndugu zake hawakunitukana. Mke wake alikuja kumwona mtoto, akamshika miguu, akasema, "Akue." Akaondoka.

Basi huyo mtoto hana jina. Mpaka leo kamba ya mkononi aliyofungwa hospitali naitunza, imeandikwa "Mtoto wa Lugano." Ubatizo ni Jumapili. Mchungaji amesema jina ni moja, na mwenye jina ndiye somo wake: atamwombea, atamwonya, ndiye atakayeitwa siku mtoto akipotea njia. Msiniambie nimpe matatu. Nilisema hivyo nami, akaniuliza, "Akianguka kisimani utaita lipi?"

Niliwaendea wenyewe.

Nilimwendea Hizza kwanza. Nikamwambia, "Baba, mkono wako ndio uliovunja. Wengine tulikuwa tunaitazama taa. Bila mkono wako kanda ingekaa kabatini na mjukuu wangu angekuwa kaburini." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mama, mimi ni Mwislamu, mchungaji wako atasema nini?" Nikasema, nimeshamwuliza, amesema jina halina dhehebu. Akasema, "Mpe Ambakisye. Mimi nilivunja dakika moja. Yeye alipiga picha miezi kumi na minne huku anachekwa. Na mimi nilijua majina mawili ni hatari, nikanyamaza. Ningesema mara ya pili, Kalinga angekuwa anashona."

Nilimwendea Sista Tumwitike. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyelipa. Hizza alivunja kitu cha mtu mwingine, Ambakisye alitunza kisichokuwa chake, lakini wewe uliachia chako ulichokuwa umekishika. Na jina lako kwetu wanaume nao huitwa." Alikuwa anakunja mashuka. Hakuacha kukunja. Akasema, "Mama, usinifanyie hivyo. Kila utakapomwita, mimi nitasikia cherehani. Tena mimi ndiye niliyeibandika ile kompyuta jina la marehemu. Mpe Hizza, yeye hakumkosea mtu."

Ambakisye sikuweza kumwendea. Lakini Bi Subilaga, mjane wake, alikuja mwenyewe na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuomba kitu. Tulikaa jikoni, akamtazama mtoto akinyonya chupa. Nikamwambia, "Dada, mumeo alitunza faili la binti yangu wakati sisi wenyewe tulipoteza kadi. Wale wawili wangekuwa na mikono mitupu." Akaitikia kwa kichwa. Baadaye sana akasema, "Hospitali wameleta kompyuta mpya. Ile ya zamani wameitupa. Ile ya wodi imetupwa pia. Hizza amesema jina lile lisirudiwe kamwe kwenye mashine, na amesema kweli." Akakunja khanga yake magotini. "Kwa hiyo sasa haliko popote."

Akanisaidia kumenya ndizi, akaenda.

Niliporudi kanisani mzee mmoja wa baraza alinionya. Alisema, "Jina la Ambakisye lilitolewa mara moja kwa mapenzi, na ona lilichofanya. Bila hivyo mngejua ni yupi aliyeishika mashine, msingepapasa gizani." Mwingine akamjibu palepale, "Na lisingetolewa, kungekuwa na tofauti gani? Kompyuta ya wodi ingekuwa inaandika vilevile, na Sista angeulizwa swali lilelile, ila angeulizwa huku anajua." Wakaanza kubishana, nikawaacha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria hilo: je, Sista angesema "vunja" kama angejua kwa hakika? Nilimwuliza. Akasema, "Mama, usiniulize tena."

Hayo ndiyo niliyo nayo. Mmoja alishika, na asingeshika, pasingekuwa na cha kusoma. Mmoja aliachia, na asingeachia, mvunjaji asingeinua kidole. Mmoja alivunja, na asingevunja, aliyeshika na aliyeachia wangekuwa wamefanya bure. Na kila mmoja wao ana mkono wake katika kifo cha Bwana Kalinga, hata yule aliyekuwa kaburini. Na mimi niliyeazimisha kitabu cha nyimbo nina wangu.

Cheti cha ubatizo kiko mezani kwangu. Mchungaji ameshaandika tarehe, ameandika jina la mama, na pembeni yake msalaba mdogo. Ameacha mstari mmoja mtupu. Mtoto amelala, hajui kitu. Kalamu hii hapa.

Wewe uliyenisikiliza tangu mwanzo, chukua uishike. Ungeandika jina la nani?